Firigisi ya Mzee Wabwile

Jumatatu, 31 Julai 1989

Menyu mpya imebandikwa leo. Madam Waruguru ameipigilia ukutani yeye mwenyewe, akarudi nyuma, akaitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake. Chipsi. Soseji. Kuku na chipsi ndani ya kikapu. Aiskrimu. Ugali wa wimbi umeenda. Mboga za saga na mrenda – kwaheri. Na kuku wangu wa kienyeji, yule wa kuchemshwa polepole, ambaye watu hutoka Webuye kumfuata – nje! Ati mtoto akishuka kwenye farasi wa mbao hataki kuhangaika na mifupa. Anataka kitu cha kushika kwa mkono mmoja.

Simchukii. Ni meneja mpya, ametoka Nairobi, anataka bustani yetu ya michezo hapa Kitale ifanane na za huko. Bembea zote amezipaka rangi. Treni ya trekta sasa inapiga honi. Ila mimi ndiye mpishi, na hakuna aliyeniuliza.

Amri mbili tena. Kwanza, kila meza iulizwe kabla ya kuagiza: kuna mtu asiyekula kitu fulani? Wahindi wa mjini wengine hawali nyama, Waislamu na Wasabato hawali nguruwe, wengine wana ugonjwa wa sukari. Ana karatasi ya kuandikia. Hiyo nimeipenda, mtu akiulizwa anajisikia mtu. Pili, kuanzia Jumamosi chakula cha kutoka nje hakipiti getini. Mwisho wa masufuria ya pilau na chapati za kufungwa kwa gazeti. Anayetaka kupanda treni ale hapa hapa.

Jumamosi! Siku yangu! Watu wa Wekoye, mchumba wangu, wanatoka Malakisi kuja kuniposa kwa Baba. Ingekuwa nyumbani Myanga, lakini upepo wa Juni uliondoka na paa letu, na Baba amekataa kupokea wakwe chini ya turubai. Mimi ndiye nilisema waje hapa bustanini. Madam amenikumbatia. Meza kubwa ya kibandani kando ya bwawa ni yenu, akasema, na wewe siku hiyo usiguse sufuria, bibi arusi hanuki vitunguu.

Nimemtuma mtu amwambie Mama aje na majogoo wetu. Watu wa jikoni watawachinja asubuhi. Amri ya geti? Jogoo anayewika si chakula bado. Ni jogoo.

Alhamisi, 3 Agosti 1989

Wekoye alipita kwangu Matisi jioni baada ya kusahihisha vitabu vya darasa lake. Tumekaa mlangoni kwangu tukila mahindi ya kuchoma. Anaogopa kuliko mimi! Anasema babake ni mtu mpole, anachekesha, lakini kwa mambo ya heshima hana mchezo. Mzee Wabwile aliwahi kuondoka matangani kwa sababu firigisi iliwekwa kwenye sahani ya kijana.

Kana kwamba sijui. Mimi ni wa Myanga, si wa London. Kuku wa mgeni anakuja mzima, na firigisi inaenda kwa mkubwa wa wageni. Mwanamke haili. Akiila anarudishwa kwao, na watu wanaimba njiani. Enzi za Kukhu, bibi yangu, wanawake hawakula kuku kabisa, na yeye mpaka leo hali. Anasema sisi wa siku hizi tumeonja mabawa tukadhani tumefika mbinguni.

Nikamwambia Wekoye, babako atapewa firigisi mbili. Akacheka mpaka punje ya mahindi ikamkwama. Nampenda huyu mtu. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 5 Agosti 1989

Siwezi.

Jumapili, 6 Agosti 1989

Sijaenda kanisani. Nitaandika yote mara moja ili nisiwe nayaandika kila siku.

Mama na Kukhu walifika getini na kikapu cha majogoo. Kiplangat wa geti akasema chakula cha kutoka nje hakipiti. Mama akasema hiki si chakula, kina macho. Kiplangat akasema amri ni amri, atafutwa kazi. Majogoo wakafungwa kwenye nguzo, chini ya kile kibao cha KARIBUNI.

Mama angekimbia kumwambia Baba. Baba angesimama, angemtafuta Madam, mambo yangerekebishwa. Lakini wageni walikuwa wameshafika, na Wekoye ameketi mwisho wa meza, uso umeelekea njia. Mama hawezi kujitokeza mbele ya mtu anayekuja kuwa mkwe wake. Ndivyo tulivyo. Angempita na kumtazama usoni, hapo hapo hakuna arusi. Akajificha nyuma ya farasi wa mbao, leso imefunika kichwa, akamtuma Kukhu.

Na Kukhu akaenda, na fimbo yake. Akafika pale treni ya trekta inapokata njia. Ikapiga honi. Kukhu akakaa chini kwenye nyasi angoje ipite iende ilikokuwa ikienda. Haikuwa inaenda mahali! Inazunguka tu. Kila akiinuka, hiyo hapo tena. Ningecheka kama isingekuwa ni mimi.

Mimi nilikuwa stoo ya nyuma, gauni jipya mwilini, nikingoja kuitwa nije kusalimu wageni. Msichana hatoki mpaka aitwe. Nikasikia jogoo anawika mbali, nikamtambua – yule mwekundu wetu. Nikasema moyoni, mbona huyu bado hajachinjwa? Nikajijibu, labda wamechinja wenzake kwanza. Nikakaa. Nikalainisha gauni.

Yaliyotokea mezani nimeambiwa na Chepkemei, rafiki yangu anayehudumu. Madam alikuja na karatasi yake, akainama vizuri, akauliza kama kuna mtu asiyekula kitu. Mzee Wabwile alifurahi sana. "Mimi nakula kila kitu, mama. Mungu akubariki kwa kuuriza." Halafu vikaja vikapu. Kuku amekatwa vipande, amekaangwa, na chipsi, na karatasi ya maua chini.

Mzee akageuza vipande kwa uma. Akapekua chipsi. Akatazama kikapu cha ndugu yake.

"Filigisi iko wapi?"

Baba aligeuka upande wa jikoni. Akamwita Chepkemei. Maskini Chepkemei akasema ukweli: hawa wametoka Nairobi kwa boksi jana, walikuja bila vitu vya ndani.

"Kuku hana ndani? Sasa aliishi namna gani, bana?"

Chepkemei anasema watu walicheka. Hata Baba. Anasema pale, kwa dakika ile, mambo yangepona. Mzee alikuwa tayari kusamehe, alikuwa ameshachukua chipsi moja.

Yule mwekundu akawika getini.

Mzee akaweka chipsi chini. "Na huyo ni wa nani?"

Baba yangu hajawahi kusema uongo, si kanisani si sokoni. Akasema, "Ni wangu."

Basi. Mzee Wabwile akafuta mikono. Akavaa kofia yake ya kahawia. Akasema kwa upole – upole ndio unaniua – ati ameona, mwenye nyumba ana majogoo na ameamua mgeni ale ndege asiye na tumbo. Wote wakainuka. Soda hazikufunguliwa. Ndugu yake ndiye aliyemalizia, wakishashika njia: "Msichana ndiye mpishi hapa. Yeye anajua filigisi imeenda wapi."

Kukhu akafika wakati huo, anahema, akiuliza wageni wako wapi.

Sikuitwa. Gauni nililivua mwenyewe, hakuna aliyeliona.

Jumatano, 9 Agosti 1989

Wekoye amekuja Matisi.

Nilipomwona kwa mbali akiongoza baiskeli nilikimbia kuosha uso. Nilijua atakachosema. Pole, Sellah. Wazee ni wazee. Tutapanga upya. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe kabla hajafika mlangoni.

Hakuketi. Alishika usukani wa baiskeli. Akasema nyumbani maneno ni mengi, wajomba wamekaa, mamake analia. Akasema yeye hana neno, anataka tu kitu cha kuwaambia. Halafu akasema:

"Niambie tu ukweli, Sellah. Uliikula?"

Nilimtazama. Mwalimu! Mtu anayefundisha watoto sayansi! Ningeweza kumweleza boksi la Nairobi, geti, Mama, Kukhu na treni. Ningemwita Chepkemei aapie Biblia. Lakini kama anaweza kuuliza hivyo, jibu lina kazi gani? Tumekula pamoja miaka mitatu. Ameshawahi kuniona nikiiba hata mboga?

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nilimsikia amesimama hapo nje muda mrefu. Halafu mnyororo wa baiskeli.

Moyo umevunjika. Watu husema hivyo ovyo, nami nilidhani ni maneno tu. Sivyo. Unaumia mahali kabisa, hapa, chini ya titi la kushoto.

Alhamisi, 10 Agosti 1989

Ningesema hapana. Neno moja. Hapana. Hata mtoto analijua.

Jumamosi, 26 Agosti 1989

Baba amemeza kiburi chake. Alimtuma Baba Mdogo kwenda Malakisi na yule jogoo mwekundu, hai, na maneno ya kuomba radhi. Ndiyo njia ya zamani: jogoo akipokewa, maneno yameisha, na mimi nina bwana.

Amerudi leo. Jogoo, nasema. Hai, mnono, na kamba mpya mguuni, ile ya katani wanayofungia tumbaku. Hawakumtukana mtu. Walimpa Baba Mdogo chai na mkate. Wakamwambia jogoo ni mzuri, amrudishe kwa mwenyewe. Wekoye hakuwepo, au alikuwepo ndani. Baba Mdogo hana hakika.

Mama amesema jogoo asichinjwe wala asiuzwe. Anatembea pale Myanga kama mwenye boma, na kamba yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Kukhu amesema, lakini huyu ni mgeni kwao mwenyewe. Nimecheka kidogo. Halafu nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka nikatapika.

Jumapili, 17 Septemba 1989

Nimemwona! Hapana – nilidhani nimemwona. Bwana mmoja na mkewe wakipanda mashua ya kukanyaga kwenye bwawa, shati la bluu kama lake. Niliacha chipsi kwenye mafuta zikawa makaa. Madam hakunigombeza. Alizitupa mwenyewe, akaweka nyingine.

Watu wa Bungoma hawaagizi kuku tena. Wanakuja, watoto wanabembea, wanakunywa soda, wanaondoka kula kwao. Chepkemei anasema habari imefika mpaka Chwele. Ati pale Kitale kuna bustani ambayo wapishi wanakula firigisi za wageni. Wapishi. Wangesema tu Sellah.

Mwalimu mwenzake alipita leo na watoto wa shule. Wekoye ameomba uhamisho, anafundisha karibu na kwao sasa. Nikasema ndiyo, nilijua. Sikujua.

Jumatatu, 13 Novemba 1989

Menyu mpya tena. Ya tatu mwaka huu, ukihesabu ile ya zamani.

Madam Waruguru aliniita asubuhi akafunga mlango. Alisema ameuliza watu, amesikia yote. Kwao Nyeri, mgeni pia ana kipande chake cha mbuzi, yeye mwenyewe analijua jambo hilo tangu utotoni, akasema, na bado hakufikiri. "Nilimuuliza yule mzee asichokula. Sikumuuliza anachopaswa kupewa." Akalia. Ikabidi mimi nimpe leso. Mimi!

Basi sasa ukutani, rangi nyekundu, juu kabisa: KUKU WA KIENYEJI MZIMA, NA FIRIGISI YAKE. Na chini: wenye sherehe wanaruhusiwa kuja na majogoo wao. Ugali wa wimbi umerudi. Mrenda umerudi. Kila mtu ananipongeza, ati umeshinda Sellah.

Nimeshinda nini? Aibu yangu imepakwa rangi ikatundikwa ukutani watu waisome wakingoja soda. Na kama kibao hiki kingekuwepo Agosti, leo ningekuwa Malakisi, mikono myeusi kwa kufunga tumbaku, mwenye furaha. Maji yamekwisha mwagika, sasa wananiletea mtungi.

Bado niliweka kuku wa kwanza mezani kwa mkono wangu. Familia kutoka Kimilili. Mzee wao alipoona firigisi imekaa juu alipiga makofi.

Jumatatu, 25 Desemba 1989

Krismasi. Watu kama siafu. Nimepika kuku tangu alfajiri mpaka vidole havinyooki. Chepkemei ameniletea kipande cha keki. Sikula.

Alikuwa akinipa kalenda kila Krismasi, Wekoye. Ya ukutani, yenye picha za milima ya Uzunguni. Nimeiacha hii ya mwaka huu kwenye msumari. Siku sita zimebaki, halafu sijui nitatundika nini.

Jumamosi, 30 Desemba 1989

Naandikia jikoni, juu ya gunia la viazi. Sijawahi kukileta kitabu hiki kazini. Leo nilikileta, sijui kwa nini. Gunia si meza, mtu asinilaumu kwa mwandiko.

Asubuhi waliletwa majogoo wawili na Mzee Simiyu, yule mwenye mashine ya kusaga mahindi Matisi. Ana wageni, anamwoza binti yake wa kwanza, Wilkista. Namjua Wilkista. Ni mtoto mzuri, anaimba kwaya. Amesema baba yake amechagua hapa kwa sababu ya kile kibao. Nilimpongeza. Nikawachinja majogoo, nikawanyonyoa, nikafungua. Firigisi nikazipasua, nikazisafisha, nikamenya ile ngozi ya manjano ndani mpaka zikawa safi kabisa. Kazi hii siku hizi naifanya nimefumba macho.

Saa sita Chepkemei akaingia, hana rangi. Akasema, dada, usitoke nje. Basi nikatoka.

Kibandani kando ya bwawa. Meza ile ile. Kofia ya kahawia.

Na Wekoye, mwisho wa meza. Amekonda. Tai mpya. Mama ya Wilkista nilimwona nyuma ya farasi wa mbao, leso kichwani, akichungulia, na akina mama wenzake wakimvuta wakicheka. Kila kitu kilikuwa vile kilipaswa kuwa. Kila kitu kimepangwa sawa, bila kosa hata moja, kwa sababu yangu.

Nimerudi jikoni. Mchuzi ulikuwa unafurika. Nikapunguza moto.

Madam hajui ni nani hao. Siku ile hakuzishika sura, na mimi sitamwambia. Amewauliza swali lake, na Chepkemei amenirudishia jibu, alitaka kunificha nikamshika mkono. Mzee Wabwile amesema anakula kila kitu. Halafu akasema, "Rakini safari hii mpishi asikure filigisi." Meza nzima ikacheka.

"Na yeye?" nikamuuliza.

Chepkemei akaweka trei chini. Akasema Wekoye hakucheka. 

"Alisema kitu?"

Alikuwa akitazama maji ya bwawa tu.

Miezi yote hii nimekuwa nikimngoja, sasa ndiyo najua. Nilijiambia simngoji. Kila baiskeli iliyopita Matisi nilikuwa naisikiliza mnyororo. Nilidhani siku moja ataketi mahali, mtu atanisema vibaya, naye atafungua mdomo. Leo ameketi. Wamenisema. Maji ya bwawa yalimpendeza zaidi.

Kuku wameiva. Nimewapanga kwenye sinia, wazima, miguu imekunjwa, mchuzi kando. Ugali wa wimbi umefunikwa. Bado firigisi. Moja nimeshaiweka juu ya jogoo wa pili, ya Mzee Simiyu. Ya Mzee Wabwile iko hapa kwenye kijiko, inatoa moshi. Ndogo hivi! Kitu hiki hakimshibishi hata mtoto.

Miaka yote ya kupika, mamia ya kuku, na sijawahi kuionja. Hata kuchovya kidole kwenye mchuzi wake nikaramba, sijawahi. Sijui ina ladha gani. Wekoye angeuliza hivyo, ningemjibu.

Chepkemei yuko mlangoni, mikono mbele, anangoja sinia. Anasema Sellah, wanauliza. Anasema Sellah, weka hicho kitabu chini. Ananitazama mimi, anatazama kijiko, ananitazama mimi. Hasemi usifanye. Hasemi fanya. Ameingia ndani, amefunga mlango kwa mgongo wake, na kijiko nimekiinua mpaka mdomoni.